Kufa Kwako Mara ya Pili

Mama Neema,

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi ulichokuwa ukinipa makusudi. Ulisema mtu aliyekalia kiti kinachoyumba hawezi kugomba kwa muda mrefu. Ulikosea. Nimegomba juu ya kiti hiki kwa miaka minane, na leo nimekikalia kwa hiari yangu kukuandikia, kwa sababu nina habari njema na sina wa kubishana naye juu yake.

Neema yuko sebuleni anasahihisha madaftari. Madaftari ya wanafunzi wake. Binti yako amekuwa mwalimu. Ana darasa lake katika shule ile ile ya Balsall Heath aliyosoma yeye, na wiki iliyopita aliwaonyesha watoto mchezo wetu wa televisheni. Nitafika huko. Kwanza nikusimulie siku mbili ambazo hukuziona vizuri: siku uliyokufa kwa mchezo, kwa kuwa ulifumba macho, na siku uliyokufa kweli.

Mchezo ule niliupigania, unajua. Chuo cha hapa Birmingham nilikokuwa nikifundisha Kiingereza kwa wageni kilikuwa na kitengo kidogo cha televisheni ya elimu. Walitengeneza michezo mifupi ya kuonyeshwa mashuleni, kila mmoja kwa lugha ya watu fulani wa mtaani, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wenzetu wa Kiurdu walipewa hadithi ya Kirusi. Wasomali walipewa ya Kifaransa. Sisi wa Kiswahili tukaletewa mchezo wa kunawa mikono. Nikaandika barua ya kurasa sita. Niliuliza swali moja tu ndani yake, ila niliuliza kwa namna nyingi: kwa nini wengine wanapewa fasihi na sisi tunapewa sabuni?

Barua zangu nyingi hazijibiwi, na nimeshazoea. Hiyo ilijibiwa. Helen, yule mtayarishaji mpole wa Moseley anayekwenda kila mahali kwa baiskeli, alinijia darasani na kitabu chembamba cha hadithi za zamani za Kiitaliano zilizotafsiriwa. Akasema, chagua wewe. Nikachagua ile ya mwoka mikate.

Nilikuja kukusomea hapa hapa jikoni, naitafsiri papo hapo, na wewe unapinda suruali ya mtu kwenye cherehani. Mwanamke mmoja mwoka mikate, mjane, katika mji mdogo wa milimani, anawashuku majirani zake. Anatangaza kwamba amekufa, analala kitandani amefumba macho, ili asikie watasema nini. Wanakuja mmoja mmoja na kummwagia sifa, na zote ni uongo. Anakuja pia dobi wa nyumba ya pili, adui yake, ambaye kwa miaka ishirini mashuka yake yamekuwa yakichafuliwa na moshi wa tanuri la mikate. Dobi peke yake ndiye anayesema kweli. Anamtukana maiti mbele ya watu, anahesabu mashuka yote yaliyoingia masizi, halafu sauti inamkatika na anauliza: sasa nani atanichafulia mashuka yangu? Hapo maiti anainuka, anawasuta waongo wote na kuwafukuza nyumbani kwake.

Ulisimamisha cherehani. Ukasema kwa Kiswahili chako cha Bukavu, "Mwalimu, weye njo huyo dobi." Kisha ukasema wewe utakuwa maiti, kwa sababu umechoka na kazi hiyo ni ya kulala.

Tuligombana siku hiyo hiyo kuhusu mwisho. Mimi niliupenda mwisho wa kitabu. Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu na siku zote navutiwa na ukurasa ambao wanafiki wanavuliwa nguo. Wewe ulitikisa kichwa. "Batu bamekuya," ulisema. "Mutu akikuya kwako kwa kilio, unamupa chai. Kama alisema bongo, hiyo ni ya Mungu." Nikakwambia wamekuja kusema uongo, na fasihi haigawi chai. Ukaniambia hiyo fasihi yangu ilikosa kulelewa.

Nilishinda, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Sasa ile siku yenyewe. Studio ya chuo ilikuwa ndogo kama stoo, kwa hiyo Helen alikodi ukumbi ule ulio pembeni mwa kanisa, nyuma ya migahawa ya mchuzi wa balti. Tulitandika mikeka. Tulipanga viti vya plastiki nje mlangoni kama inavyopangwa popote penye msiba. Wewe ulikataa birika tupu. Helen alisema kamera haitaona kilichomo, ukamjibu kwamba birika tupu kwenye kilio ni kujiitia balaa, ukapika chai ya tangawizi ya kutosha jeshi. Kisha ukavaa lile gauni jeupe ulilojishonea mwenyewe, ukajilaza kitandani.

Mimi nilikuwa nimemwahidi Helen wanawake kumi wa kuja kulia. Walifika watatu. Aliponiuliza wengine wako wapi nilimwambia watakuja tu, awe na subira, Waafrika si treni. Kisha nikaingia chumba cha nyuma kumshughulikia yule bwana wa maandishi ya chini, maana nilikuwa nimeona alivyoyatafsiri matusi yangu. Mahali nilipomwita maiti mwizi wa jua la watu, yeye aliandika kwamba nina malalamiko kuhusu usafi wa hewa. Hapo niliona kazi ipo.

Wakati nikimfundisha yule bwana tofauti ya tusi na lalamiko, Bi Zuwena alikuwa akipita nje na mfuko wake wa samaki. Bi Zuwena wetu wa Washwood Heath, ambaye hakuna harusi wala maziko ya Waswahili katika mji huu asiyoyajua kabla ya wenyewe. Aliona viti nje. Aliona viatu vimevuliwa mlangoni. Alisikia wale watatu wakifanya mazoezi ya kulia. Mmoja wao alikuwa ametoka kupata hewa, na Bi Zuwena akamwuliza neno moja, "Nani?" Akajibiwa, "Mama Neema, yule mshonaji."

Hakuuliza zaidi. Nani kwetu anauliza zaidi? Ukisimama mlangoni pa msiba na kuuliza amekufaje, lini, una hakika, watu watakushangaa ulilelewa wapi. Ukisikia jina, unakwenda nyumbani, unavaa khanga, unaweka sufuria motoni. Bi Zuwena alitoa simu yake hapo hapo barabarani. Aliwapigia Wazanzibari wenzake, akawapigia na akina mama wa kanisa lenu, ingawa Kiswahili chao na chake wanaelewana nusu kwa maneno na nusu kwa mikono.

Saa saba mchana walianza kuingia. Walikuwa zaidi ya thelathini. Mama Jeanne wa kanisa lenu alitangulia na sufuria ya sombe, kisamvu chenu, nyuma yake wanawake wa kanisa wakiimba, nyuma yao Wazanzibari na pilau na buibui zao. Helen alinisimulia baadaye kwamba alitaka kulia kwa furaha. Alijua niliahidi kumi, na akaona nimeleta mara tatu yake, wote wamevaa sawasawa, wote machozi yanatiririka. Akamwambia mpiga picha asizime kamera hata akizirai.

Nami nilikuwa nyuma, nikasikia vilio vimenona, nikasema moyoni: watu wangu wamefika. Nikajifunga khanga kiunoni, nikatoka.

Mama Neema, wewe unanijua. Nikishaanza kusema sioni watu, naona hoja. Niliwapita wanawake wale wote bila kumtazama hata mmoja usoni, nikasimama miguuni pako nikaanza. Nilikuita bahili. Nilikuita mwizi wa jua. Nikasema heri umekufa, kesho nitaanika mashuka yangu yakauke meupe. Vilio vikakoma. Mimi nikadhani ni kwa sababu naigiza vizuri, nikazidisha. Nilikuwa nimefika kwenye masizi ya mwaka wa tisa pale mkoba wa Mama Jeanne uliponipata sikioni.

Kilichofuata ulikiona, maana ndipo ulipofumbua macho. Uliinuka ukakaa. Sijawahi kuona ukumbi ukipata nafasi haraka namna ile. Sufuria ya pilau ilianguka. Shangazi wa Bi Zuwena, mama wa watu mwenye magoti mabovu, alipatikana kituo cha basi namba hamsini. Na wewe, badala ya kuwasuta kama nilivyokuandikia, ulishuka kitandani na gauni lako la maiti, ukachukua birika, ukaanza kuwamiminia chai wale waliobaki, na waliokimbia walipochungulia mlangoni ukawamiminia nao. Machozi yalikuwa yakikutoka. Bi Zuwena alipokea kikombe chake, akakinywa chote, akasema, "Chai nzuri, mwanangu. Lakini siku ukifa kweli usinitie habarini. Mie sidanganywi mara mbili."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na sikio linawaka.

Helen alitaka kuutumia mkanda ule. Nikamkatalia. Nilisema machozi ya wanawake wale hayakuwa ya kuigiza, hawakuombwa ruhusa, na shule haina haki ya kufundishia msiba wa mtu. Yote hayo yalikuwa kweli, na ningeyasema tena. Lakini haikuwa sababu yote, na wewe ulijua. Mkanda ule ulikuwa na mwisho wako, sio wangu. Tukarudia wiki iliyofuata na wale watatu na wengine saba, ukainuka, ukasuta, ukafukuza, neno kwa neno. Ndivyo ulivyokwenda mashuleni. Tulipotoka ukumbini ulinishika mkono ukasema, "Mwalimu, umeshinda," na ukarudi kwenye suruali zako. Sijawahi kushinda vibaya hivyo.

Ulikaa na jambo lako miaka mitatu kabla ya kuniambia. Nakumbuka ulikuwa unamenya ndizi na mimi nilikuwa nikikusomea makala yangu ya kuwapinga wale wa halmashauri. Ulinikatiza. Ukasema siku ile ukumbini ulijua. Ulisikia mikono ya Mama Jeanne imeshika miguu yako, ukajua Mama Jeanne hayumo kwenye mchezo. Ungeweza kufumbua macho hapo hapo. Hukufumbua.

"Nilikuwa nataka kuona kama kuko mutu atakuya."

Ndipo ukanisimulia habari za mama yako, mliyemzika kando ya njia mkikimbia kutoka Bukavu, wewe na mwanamke msiyejuana naye, kwa jembe la kuazima, bila wimbo, kwa sababu wimbo ungesikika. Ukasema tangu ufike Birmingham, kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikikuamsha usiku. Si baridi wala karatasi za ukimbizi. Ni kwamba Neema atakuzika peke yake, naye hajui hata wimbo mmoja hadi mwisho. Ukaniuliza, "Nikikufa kweli, batakuya?"

Nikakujibu watakuja mpaka barabara ifungwe. Nilisema kama ninavyosema kila kitu, kwa sauti kubwa. Kisha nikarudi nyumbani na sikulala vizuri, maana nilikuwa nimegundua nimekata kitu gani kwenye mchezo ule.

Ndiyo maana nikaenda kwa Helen nikamwomba turudie. Kwa ruhusa za watu safari hii, na mwisho wako. Aliniuliza kama naumwa, hajawahi kunisikia nikisema nilikosea. Wewe ulifurahi hata ukanipa kiti kizima. Nikawapigia wanawake wote simu, mmoja mmoja. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilitaka waje kama walivyokuja mara ile, bila mazoezi, na sufuria zao. Kwa hiyo niliwaambia hivi: kaeni tayari, siku nitakayowapigia kusema Mama Neema amekufa, vaeni khanga mje ukumbini. Walicheka sana. Mama Jeanne aliniuliza kama aje na mkoba.

Baada ya siku kumi na moja, Jumatatu, moyo wako ulisimama ukiwa kwenye cherehani. Mguu ulikuwa bado kwenye pedali. Neema alitoka chuoni akakukuta.

Nikashika simu.

Unaona. Mimi, niliyeandika kurasa elfu kuwafundisha watu umuhimu wa kusema maneno yanayoeleweka, nilipiga simu ishirini na saba na kila nilipomaliza sentensi yangu nilisikia kicheko. "Haya, tumesikia, tunavaa khanga." "Mwambie asizidishe tangawizi." Mama Jeanne alikuwa kazini, akasema leo nina zamu, mpangieni kufa Jumamosi. Nikapiga kelele. Nikapandisha sauti kama ninavyojua. Ukikumbuka jinsi nilivyoigiza dobi, utaelewa kwamba kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kunisifu. Bi Zuwena hakunisikiliza hata. Alisema, "Mie nilishakwambia, hunipati," akakata. Mchungaji wenu alikuwa safarini na simu yake imezimwa.

Siku ya pili mchana Neema alipanga viti nje ya nyumba hii. Alivipanga vizuri, kwa mistari, kama alivyoona siku ile alipokuwa msichana wa shule. Kulikuwa na watu wanne: yeye, mimi, Helen na yule bwana wa maandishi ya chini, ambaye alikuja na maua na suti nyeusi na hakujua akae wapi. Viti vilivyobaki vikalowa mvua. Neema alivitazama kupitia dirisha lile nyuma yangu sasa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba labda ni kawaida, labda watu wana kazi. Alikuwa akinifariji mimi.

Sikuweza kukaa. Nilichukua basi mpaka mjini, nikabadilisha, nikashuka Washwood Heath upande wa kiwanda cha magari. Njia nzima nilikuwa napanga hoja. Nilikuwa nazo tatu. Ya kwanza ilihusu cheti cha hospitali, ya pili ilihusu haki ya marehemu katika dini zote mbili, ya tatu ilikuwa tusi. Nikagonga. Bi Zuwena akafungua, ameshika mwiko, tayari anatabasamu, tayari ana jibu lake.

Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Sijui nilisimama pale muda gani. Hoja zilikuwepo, naziona kama karatasi mezani, na sikuweza kuinua hata moja. Bi Zuwena alinitazama. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Akasema polepole, "Mwalimu. Wewe umenyamaza?" Akanitazama tena. Kisha akauachia mwiko ukaanguka, akanikumbatia pale kizingitini, akasema, "Basi kweli. Ole wangu, basi kweli."

Alivaa khanga juu ya nguo za jikoni. Alipiga simu mwenyewe, na nilimsikia akisema kila mara sentensi ile ile: mie nimemwona Mwalimu, hasemi. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwuliza.

Walikuja, Mama Neema. Walianza kufika kabla hata sijarudi. Mama Jeanne aliacha zamu akaja na sare ya kazi, akaenda moja kwa moja kwa Neema, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa kusema upangiwe kufa Jumamosi, mpaka Neema ndiye aliyelazimika kumnyanyua. Kanisa lote lilikuja. Wazanzibari walikuja na pilau, na safari hii haikumwagika. Wakenya wawili wa duka la simu, ambao uliwapunguzia suruali mara moja tu maishani, walikuja na kusimama nje kwa adabu. Waliimba kila siku hadi siku ya maziko, nyimbo zote hadi mwisho, na Neema alizijua. Wewe ulidhani hazijui. Alikuwa akizisikia jikoni tangu akiwa mtoto, anazijua kuliko mimi. Siku ya maziko, magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili na basi namba hamsini likashindwa kupita kwa robo saa nzima. Dereva alishuka kuuliza. Nikamwambia ni msiba wa mshonaji. Akavua kofia, akarudi kukaa akasubiri.

Barabara ilifungwa. Nilikuahidi nawe ukaniamini, na nilikaribia kukuaibisha, lakini ilifungwa.

Na sikuhutubia. Waliniomba niseme neno kaburini. Nikasema hapana, nina kazi. Nikarudi mapema nyumbani hapa, nikawasha jiko, nikapika chai ya tangawizi kama yako, nikazunguka na birika. Nilimmiminia kila mtu. Nilimmiminia hata yule jirani wa juu aliyekuandikia barua za kulalamikia kelele za cherehani, naye alisimama pale akisema ulikuwa jirani mzuri kuliko wote. Ulimi uliniwasha. Nikamwongezea sukari. Ndipo nilipoelewa mwisho wako. Nilidhani ni mwisho wa mtu mwoga. Kumbe kumpa chai mtu anayekudanganya huku unajua, na kujua kwamba amekuja na kwamba angeweza asije, kunahitaji nguvu ambayo mimi bado najifunza. Sukari nilimwekea nyingi mno, nakiri. Hata hilo lilikuwa tusi kidogo.

Sasa habari njema.

Helen hakuwahi kuutupa ule mkanda wa kwanza. Alikuwa nao kwenye sanduku la kadibodi chini ya ngazi. Tulikusanyika kwa Bi Zuwena, wanawake wote walioonekana mle ndani, tukautazama. Walicheka mpaka wakalia. Shangazi mwenye magoti mabovu aliomba arudishiwe mahali anapokimbia, mara nne, akasema hakujua kama bado ana mbio. Ulipochukua birika, walisogea karibu na televisheni. Helen aliwauliza kama wanakubali. Mama Jeanne ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote, "Weka yote. Hata mkoba."

Ukawekwa kwenye mchezo. Mwisho wangu umetolewa, nami sikuandika barua yoyote kupinga. Maandishi ya chini niliyasimamia mwenyewe neno kwa neno, na yule bwana, nakuhakikishia, sasa anajua kutukana.

Wiki iliyopita Neema aliwaonyesha watoto wake. Nilikaa nyuma ya darasa nimejikaza. Walicheka panapochekesha. Mwishoni msichana mmoja aliinua mkono akauliza kwa nini yule mama hakukasirika, na watu wamemdanganya. Niliinuka nusu. Nilikuwa na jibu, Mama Neema, jibu la dakika arobaini. Neema alinitazama kwa jicho lako lile, nikakaa. Akawajibu watoto, kwanza kwa Kiswahili, hata kama nusu yao hawakuelewa: "Batu bamekuya." Kisha akawaeleza kwa Kiingereza. Alitamka kama wewe kabisa.

Chai yangu imepoa hapa na kiti kinayumba. Madaftari yanakwisha, namsikia anakusanya kalamu zake. Jumapili tunakuja kukuona, yeye, mimi na Bi Zuwena, ambaye anasema lazima akuombe radhi ana kwa ana kwa kuchelewa siku moja.

Sasa nani ataniambia fasihi yangu ilikosa kulelewa? Usinijibu. Lala, mshonaji wangu, safari hii bila kusikiliza mlango. Nami nakupa ahadi ndogo, bila sauti kubwa, ili ujue ni ya kweli. Kuanzia sasa, nikisikia jina la mtu na kuona viti vimepangwa nje, popote katika mji huu, nitavaa khanga nitakwenda na sufuria yangu. Sitauliza. Na ikiwa ni mchezo, nikakuta maiti amekaa anacheka, nitakunywa chai yake, nitamshukuru kwa kuniita, nitarudi nyumbani.

Mimi,
Mwalimu wako, dobi